Jaa Lililogeuka Bustani, na Kibustani Chetu cha Mji wa Kale

Ukipita Mji wa Kale wa Mombasa saa za alasiri, jua likianza kulegea, utawaona watu wamekaa kila mahali ambapo hapakutengenezwa kwa kukaliwa: kwenye vizingiti vya milango, juu ya mikokoteni iliyopumzishwa, juu ya kuta za mitaro. Wazee wana baraza zao za msikitini. Vijana wana pembe zao. Lakini mama mwenye watoto watatu, katika joto la mwezi wa Machi na nyumba ya vyumba viwili, huyo atakwenda kupunga upepo wapi?

Swali hilo ndilo lililomfanya bibi mmoja wa mtaa wetu, Mungu amrehemu, aandike kabla ya kufa kwake kwamba kiwanja chake kisiuzwe wala kisijengwe maduka, bali kiwe bustani ya watu kupumzika, bila ya kubagua. Hakuacha fedha. Aliacha ardhi, kisima, mwarobaini mmoja mkubwa, mkungu mmoja, na nia njema. Wanaume saba tulichaguliwa kuwa kamati, nami nikapewa daftari la hesabu kwa sababu tu niliwahi kuwa karani bandarini.

Nitasema kweli, maana makala haya hayatakuwa na faida nikificha. Mwaka wa kwanza tuliiua bustani ile.

Tuliifungua kwa kishindo. Palifungwa turubali, pakapikwa biriani, akaitwa mkubwa mmoja akakata utepe, ikapandwa miche 40 ya mawaridi na asumini, picha zikapigwa. Kisha kila mtu akarudi kwake. Hapana aliyeuliza ni nani atakayetia maji kesho asubuhi. Kisima chetu, kama vilivyo visima vingi vya kisiwa hiki, kina maji ya chumvi. Mawaridi yaliyanywa maji hayo kwa wiki tatu, majani yakaungua pembeni kama karatasi iliyopitishwa motoni, yakafa. Asumini zilistahimili kidogo, zikamalizwa na mbuzi. Mpira wa kumwagilia ulipotea usiku mmoja, na mpaka leo haujulikani ulipo, ingawa kila mtu anajua. Mabenchi manne tuliyoyaweka mlangoni yakachukuliwa na wacheza bao na karata tangu Adhuhuri mpaka Maghrib. Ilipofika Ramadhani, nyuma ya mkungu palikuwa pameanza kuwa mahali pa kutupia maganda ya madafu.

Hapo ndipo mzee mmoja wa kamati, mfanya biashara mwenye akili ya hesabu, alipotoa shauri kwamba tujenge maduka sita upande wa njia, kodi yake itunze kitakachobaki. Mwingine akasema tumweke mtu mlangoni na kiingilio cha shilingi 50. Mimi nikapinga yote mawili kwa ukali. Nilisema kwamba bibi yule alisema wazi hataki maduka, na kwamba sadaka haikatiwi tiketi. Nilishangiliwa. Lakini yule mzee aliponigeukia kwa upole na kuniuliza, "Basi wewe mwenye daftari, mshahara wa mtunza bustani utatoka wapi?" sikuwa na jibu. Tulisoma Fatiha, tukaahirisha.

Mambo yakiwa katika hali hiyo ndipo nilipopata safari ya Cairo. Mpwa wangu anasoma Al-Azhar, kama walivyosoma vijana wengi wa pwani yetu kabla yake, na mamake alinituma nikamwone kama kweli anakula. Nilimkuta mzima, amekonda kidogo. Siku tatu za kwanza alinizungusha misikitini na makumbusho. Siku ya nne, Ijumaa baada ya sala, akaniambia:

"Mjomba, leo nitakupeleka mahali ambapo sisi wanafunzi twaenda kupumzisha vichwa."

"Wapi?"

"Jaani."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Lakini alikuwa akisema kweli, au kweli ya jana. Mashariki ya msikiti wa Al-Azhar, ambao ulianza kujengwa mwaka 970, kuna vilima vya Darassa. Upande mmoja wa vilima hivyo ni mji mkongwe. Upande wa pili ni makaburi makubwa ya zamani za Mamluki. Kwa muda wa kama miaka 500 watu wa Cairo walikuwa wakitupa hapo vifusi vya nyumba zilizobomoka na taka za kila namna, mpaka vilima vikapanda juu na ukuta wa mji, uliojengwa zamani za Salahuddin Al-Ayyubi katika karne ya 12, ukazikwa mpaka vichwani. Jaa kamili, ekari zipatazo 74, katikati ya mji wa mamilioni.

Mwaka 1984 palifanyika mkutano Cairo juu ya kukua kwa mji ule, na hapo Aga Khan wa nne, aliyefariki Februari 2025, akaahidi kuwapa watu wa Cairo bustani. Hapakuwa na haja ya kuuliza kama inahitajika. Katika mji ule, kwa hesabu moja iliyotajwa sana, ukigawa mahali penye majani mabichi kwa idadi ya watu, kila mtu atapata pa kuweka unyayo mmoja. Mahali palipopatikana ni lile jaa.

Tangu ahadi mpaka lango kufunguliwa ilipita miaka 20. Nasema hivyo kwa sababu sisi kamati yetu tulikata tamaa baada ya miezi minane. Kwanza idara ya maji ya mji ilihitaji vilima hivyo kwa matangi ya maji matamu, matatu, kila moja likiwa na upana wa mita 80 na kina cha mita 14. Badala ya kugombana, bustani ilichorwa upya matangi yakiwa ndani ya tumbo lake. Leo watu wanatembea juu yake wasijue. Kisha vikahamishwa vifusi na udongo, meta za ujazo milioni 1.5, mizigo ya malori zaidi ya 80,000. Na chini ya vifusi ukafukuliwa ule ukuta wa Salahuddin, urefu wake kilomita moja na nusu.

Lakini kilichonikamata mimi si malori. Ni chumvi. Udongo wa jaa lile ulikuwa na chumvi nyingi, na mti haukujali kwamba nia ya mwenye kuupanda ni njema. Wataalamu walitandaza udongo wa mfinyanzi kuizuia chumvi isipande, juu yake wakaweka udongo mzuri uliochanganywa na mchanga, na miche wakaikuza kwanza vitaluni wakiijaribu ni ipi itakayovumilia. Nilisimama mbele ya maua nikayakumbuka mawaridi yetu 40, nikaona haya peke yangu.

Hata sisi watu wa Mombasa hatukuwa na haja ya kwenda Misri kujua hayo. Pale Bamburi, tangu mwaka 1971, René Haller alianza kuotesha miti katika machimbo ya saruji yaliyobaki jiwe tupu la matumbawe na maji ya chumvi. Miti mingi aliyoijaribu ilikufa, mivinje ikashika. Majongoo wakala majani makavu ya mivinje, pakapatikana udongo, na baada ya udongo vikafuata vingine vyote. Bustani ile ni ya kampuni na mtu hulipa kuingia, lakini elimu yake ilikuwa mlangoni petu, umbali wa matatu moja.

Turudi Cairo. Bustani ya Al-Azhar ilifunguliwa rasmi mwezi wa Machi 2005, na gharama yake ilipita dola milioni 30. Ukisimama juu ya kilima, waliko jenga mkahawa mkubwa, unaona njia ndefu iliyopandwa mitende pande mbili na mfereji wa maji, inanyooka kuelekea Ngome ya Salahuddin na minara ya msikiti wa Muhammad Ali. Chini kuna ziwa dogo. Mimi si mtu wa kusifu mno majengo, lakini nilikaa pale bila ya kusema kwa muda ambao mpwa wangu alianza kuniuliza kama naumwa.

Halafu niliacha kutazama mandhari nikaanza kutazama watu. Ilikuwa Ijumaa jioni na familia zilikuwa zimejaa. Kina mama wametandika mashuka juu ya majani, sufuria zimefunuliwa, watoto wanabingirika kutoka juu ya mteremko mpaka chini na kupanda tena. Bibi mzee ameegemea mti amevua viatu. Vijana na wachumba wao wamekaa kwa adabu na wengine kwa adabu kidogo, na hapana aliyewapigia kelele. Mtunza bustani mmoja alikuwa akizunguka na mfuko, akiokota maganda ya mbegu ambazo Wamisri hutafuna mchana kutwa. Mpwa wangu alimwuliza kwa niaba yangu kama hachoki. Akajibu kwamba kama watu hawaji, hapo ndipo atakapokuwa hana kazi.

Nilitafuta choo, nikakipata bila ya kuuliza njia, kikiwa safi na maji yanatoka. Msomaji atasema mzee huyu amekwenda Misri akaja na habari za choo. Na anivumilie, nitarudia jambo hilo.

Kiingilio kipo. Mpwa wangu alilipa mlangoni, mimi nikamtazama akilipa, na lile neno langu la "sadaka haikatiwi tiketi" likanirudia kooni. Nilipouliza zaidi, nilielewa hesabu ilivyopangwa. Bustani haikujengwa ili mtu apate faida, wala haikujengwa iwe ya kuombaomba kila mwaka kwa mfadhili. Tiketi iliwekwa ndogo, wageni wanaotaka kula kwenye viti vya fahari hulipa mkahawani, na mikahawa huilipa bustani. Wageni wanahesabiwa kuwa kama milioni mbili kwa mwaka. Kwa hiyo mwenye nafasi anamlipia maji ya bomba yule aliyekuja na sufuria yake, na hapana anayemwona mwenzake.

Hata hivyo si kila kitu nilikipenda. Tiketi ndogo kwa mtu mmoja si ndogo kwa baba mwenye watoto sita. Na lango kubwa liko upande wa barabara ya Salah Salem, wanakopita magari, ilhali mtaa wa Darb al-Ahmar uko upande wa pili, chini ya ukuta. Mtaa huo ulikuwa na watu wapatao 200,000, wengi wao mafundi na watu wa kipato kidogo, na ndio walioishi na jaa mlangoni mwao miaka yote. Wajenzi hawakuwasahau: walitengeneza nyumba, wakatoa mikopo midogo, wakafundisha vijana useremala na kuchonga mawe, wakarekebisha misikiti kama wa Khayrbak na wa Umm Sultan Shaaban. Ni kazi kubwa. Lakini mtu wa mtaa ule akitaka kuingia kwa lango kubwa, lazima azunguke. Niliporudi nyumbani jambo hilo lilinifunza kuangalia mlango wetu umeelekea wapi.

Kesho yake nilimwambia mpwa wangu twende tena mjini, tukatazame zile sabili za zamani. Sabili ni nyumba ya maji ya kunywa kwa wapita njia, na juu yake aghalabu kuna chuo cha watoto. Karibu na Al-Azhar penyewe liko jengo kubwa la wakala alilolijenga Sultan Al-Ghuri mwanzoni mwa karne ya 16, vyumba juu ya vyumba, ambavyo walikodishwa wafanya biashara waliokuja na bidhaa zao. Kodi ile ilikwenda kutunza wakfu wake. Nilisimama ndani ya ua ule nikacheka peke yangu. Nilichokuwa nikikitafuta kilikuwa mbele ya macho yangu, tena kwa jiwe.

Watu wa zamani hawakutoa msikiti peke yake. Walitoa msikiti pamoja na duka. Hawakutoa sabili peke yake, walitoa sabili na nyumba ya kupangisha, ili maji yawe na mama yake. Na mafakihi walipoandika sheria za wakfu waliweka wazi kwamba pato la wakfu huanza kuutengeneza wakfu wenyewe, kabla ya kumfikia yeyote. Sisi tulipokea shamba bila ya mbegu, tukashangaa halioti.

Katika darsa za utotoni sote tulisikia habari za Abu Talha, Mungu amridhie, aliyekuwa na bustani ya Bairuha mkabala na msikiti wa Mtume, aliyoipenda kuliko mali yake yote, na Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, akiingia na kunywa maji yake matamu. Alipoitoa sadaka aliitoa ikiwa hai, ina maji na mitende inayozaa. Sayyidna Umar naye alitoa ardhi yake ya Khaybar, ardhi yenye pato, kwa sharti asili isiuzwe na matunda yaliwe. Hilo la "yenye pato" sikuwa nimelisikiliza vizuri nilipokuwa mtoto.

Nilirudi Mombasa nikaitisha mkutano. Lakini kabla ya mkutano nilimwomba mama watoto anifanyie kazi moja. Kamati yetu ya wanaume saba ilikuwa haijawahi kumwuliza mwanamke hata mmoja wa mtaa kwa nini haji bustanini, ilhali bustani ile iliachwa na mwanamke kwa kuwaonea huruma wanawake. Mama watoto alipita nyumba kwa nyumba siku nne, akarudi na majibu, akaniambia nikae chini.

Hakuna hata mmoja aliyetaja maua.

Walitaja choo. Mama hawezi kumpeleka mtoto wa miaka mitatu mahali pasipo na choo, na mama mjamzito hawezi kabisa. Walitaja mabenchi ya mlangoni: ili kuingia ndani ilibidi wapite mbele ya wanaume kumi na wawili waliokaa wakitazama njia, na baadhi yao hawatazami bao. Walitaja taa, kwani wakimaliza kupika na kuogesha watoto ni karibu na Maghrib, na sisi tulikuwa tukifunga saa kumi na mbili na nusu. Mmoja alitaka bomba dogo la kunawisha watoto. Ajuza mmoja, ambaye nilimjua tangu nikiwa mdogo, alisema yeye angekuja kila siku kama pangekuwa na kiti chenye mgongo, maana benchi tulilolitengeneza halina pa kuegemea na yeye ana miaka themanini.

Nilisoma majibu hayo mkutanoni moja moja. Palikuwa kimya. Kisha nikaeleza habari za wakala ya Al-Ghuri na za mikahawa ya kile kilima, na jinsi duka linavyosimama kando ya sadaka likailisha, bila ya kuingia ndani likaila. Nilisema maduka sita ndani ya kiwanja siyataki, na nikakiri kwamba bila ya pato bustani itakufa mara ya pili na mara hiyo hatutakuwa na udhuru.

Yule mzee wa maduka alizungusha bakora yake kwa muda. Kisha akasema, "Mimi nina duka moja kule Marikiti. Nusu ya kodi yake iandikeni."

Sikuamini masikio yangu, na nadhani hata yeye hakuamini ulimi wake, kwani aliondoka kabla ya kahawa. Lakini kesho yake alikuja na karatasi na mashahidi wawili.

Palizuka ubishi juu ya choo: bibi alisema pasijengwe maduka, je, choo si jengo? Tulimwendea sheikh wetu, akatuuliza kama choo kinawasaidia waliokusudiwa au kinawapunguzia mahali. Tukasema kinawasaidia. Akasema basi nendeni mkajenge, mmeniamshia hilo? Kikajengwa pembeni, milango miwili, ya wanawake ikitazama upande wa mwarobaini na si upande wa njia.

Kwa maua tulifuata chumvi badala ya kupigana nayo. Tulipanda mikadi, ambayo haijali maji ya kisima chetu, na ua lake ndilo hilo wanawake wanalolitaka kwa vikuba. Tuliongeza minazi mifupi na mikungu mingine miwili, na bogenvilia ukutani mahali pa seng'enge, mbuzi hawaipendi miiba yake. Asumini zipo katika mapipa machache karibu na bomba, nazo hunyweshwa maji matamu peke yake. Waridi nimelipiga marufuku mimi mwenyewe.

Wacheza bao tuliwahamisha. Hiyo ilikuwa vita. Tuliwajengea baraza nje ya ukuta, yenye paa, karibu na muuza kahawa ambaye tumempa nafasi mlangoni kwa kodi ya mwezi. Walinuna wiki mbili, kisha wakagundua kwamba kahawa iko karibu zaidi. Mabenchi yao yaliingizwa ndani, yakawekewa migongo, yakageuzwa yatazame mkungu. Taa mbili zinawaka mpaka Isha.

Kiingilio hatukuweka. Kwa kibustani cha ukubwa wetu, mtu wa kukata tiketi angekula zaidi ya alichokusanya, na mama mwenye watoto watatu angehesabu sarafu mlangoni na kurudi. Tuliweka ada kwa wapiga picha za maharusi peke yao, kwani walikuwa wakija na magari na miavuli yao mieupe na kuwafukuza watoto. Sasa hulipa shilingi 1,000, nao ni wa kwanza kulalamika kama majani yamekauka.

Jambo lililonisaidia zaidi katika kupanga haya yote lilikuwa karibu kuliko Misri. Mwaka jana nilikwenda Unguja harusini, nikakaa Forodhani jioni nzima. Bustani ile ilitengenezwa mara ya kwanza miaka ya 1930 kwa jubilii ya Sultani Khalifa, ikachakaa, na mwaka 2008 ikaanza kutengenezwa upya na wakfu ule ule wa Aga Khan pamoja na serikali ya Zanzibar, ikafunguliwa tena Julai 2009. Ukuta wa bahari ulirekebishwa, taa zikawekwa, miti ikatunzwa. Lakini kilichonipendeza ni kwamba wauza mishikaki, urojo na maji ya miwa hawakufagiliwa kama taka. Walihamishwa kazi ilipokuwa ikiendelea, kisha wakarudishwa na kupewa mahali pao. Forodhani bila ya moshi wa mishikaki ingekuwa ukumbi wa serikali. Ndiyo maana nilipigania yule muuza kahawa wetu, ingawa wenzangu wawili walitaka mlango uwe "wa heshima".

Daftari la hesabu sasa halikai nyumbani kwangu. Kila mwisho wa mwezi ukurasa mmoja hubandikwa kwenye ubao chini ya mwarobaini: kodi ya Marikiti, kodi ya kahawa, maharusi, mshahara wa mtunza bustani, sabuni, balbu. Mwanzoni niliona ni kujivua nguo hadharani. Lakini mwezi wa pili mama mmoja alisoma kwamba tumenunua fagio mbili kwa bei ya juu, akatuonyesha zinakouzwa rahisi.

Yule ajuza wa kiti chenye mgongo huja kila siku baada ya Alasiri. Amejichagulia benchi la karibu na mikadi na ole wake atakayelikalia. Wiki iliyopita alimwita mtunza bustani akamwambia mkadi mmoja umepandwa karibu mno na njia, miiba yake itawachoma watoto. Tulikwenda tukatazama, alikuwa amesema kweli, na utahamishwa mvua zikianza.

Tangi limevuja mara mbili. Maji ya mkokoteni tuliyonunua wakati bomba limekauka yametula fedha ya miezi miwili ya maharusi. Mkutano ni Jumatano baada ya Isha, na jambo la kwanza ni bili ya maji.